Barua imerudi bila sababu, tiki moja tu imewashinda!

Wakuu, leo niko moto, mtanisamehe.

Nimerudishiwa barua niliyotuma nje ya nchi. Imezunguka miezi na miezi, imerudi pembe zimechanika, na mbele imebandikwa ile karatasi ndogo ya sababu: hajulikani, amehama, amekataa, haikuchukuliwa, anwani haitoshi. Vijisanduku vyote vitupu! Hakuna kilichotiwa tiki hata kimoja. Muhuri upo, ila wino umepakaa, tarehe haisomeki.

Sasa nifanyeje? Kama amehama, nimtafute. Kama ameikataa, basi nijue kumbe tumenuniana. Nimekwenda dirishani kuuliza, karani hata kichwa hakuinua: "Andika nyingine." Ili nayo irudi hivihivi?

Na hii si hisani tunayoomba. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka posta inayorudisha barua ionyeshe sababu waziwazi juu ya bahasha. Umoja wenyewe upo tangu 1874, muda wa kujifunza kuweka tiki wameupata wa kutosha.

Tena mimi nina afadhali, anwani yangu ilikuwa nyuma ya bahasha. Isiyo na anwani ya mtumaji hupelekwa kitengo maalumu. Uingereza kipo Belfast, Marekani kipo Atlanta. Huko wanaruhusiwa kuifungua watafute jina au anwani ndani. Kufungua sina ugomvi nako, bila hivyo haitarudi kwa mwenyewe. Kinachonichefua ni mizani wanayotumia baada ya hapo, anwani isipopatikana. Kwa Wamarekani, kitu cha kuanzia dola 25 kinawekwa kwa muda kikimsubiri mwenyewe, asipotokea kinaweza kupigwa mnada. Barua ya maneno matupu, hata iwe ya mzazi anayeaga, haina bei, kwa hiyo inaharibiwa. Na mtumaji hapati taarifa, yuko nyumbani ananung'unika kwamba hajibiwi. Ndugu wangapi wamekosana kwa staili hii?

Halafu asije mtu hapa na "ungetuma kwa rejista". Rejista ni ya kufuatilia mzigo, nalipia nikitaka. Kuweka tiki kwenye kijisanduku hakuna gharama!

Aliyewahi kupeleka malalamiko rasmi kuhusu barua iliyorudi bila sababu, akajibiwa kwa maandishi, aniambie alianzia ofisi gani. Majibu ya dirishani nimeshayapata.