Majani ya mwembe na sukari inayotengenezwa na ini

Kijana wa Isevya: Shikamooni wakubwa. Hapa Tabora miembe haiadimiki, na mama yangu mkubwa, ambaye ana kisukari cha aina ya 2, kila asubuhi huchemsha majani machanga ya mwembe mpaka maji yapate rangi ya chai, akanywa kikombe kizima kabla ya kula. Nimesoma kwamba mangiferini, kemikali iliyomo katika majani hayo, hupunguza glukosi, yaani sukari ya damu, katika seli za ini zinazokuzwa maabara. Ini linahusikaje na sukari ya mtu ambaye hata hajala?

Mfamasia: Marahaba. Linahusika sana. Usiku, mtu anapokuwa hajala, ini ndilo linaloipatia damu sukari: huvunja glikojeni, yaani sukari lililoiweka akiba, na pia hutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu visivyo sukari, yaani laktati, gliseroli na asidi za amino. Insulini, homoni ya kongosho, hulizuia lisizidishe. Kwa mgonjwa kama mama yako mkubwa kizuizi hicho kimelegea, ndiyo maana sukari ya asubuhi huwa juu hata kwa aliyelala na njaa. Mimea kuligusa ini si hadithi. Metformini, dawa ya kisukari ambayo hupunguza utengenezaji huo wa glukosi, ina asili yake katika galegini, kemikali ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ingawa galegini yenyewe iliachwa kwa sababu ya sumu yake.

Mtu wa Maabara: Naongezea kuhusu hizo seli. Nyingi ni HepG2, ambazo asili yake ni uvimbe wa saratani ya ini, nazo hutengeneza glukosi kidogo mno zikilinganishwa na seli za ini lenye afya. Zaidi ya hayo, glukosi ikipungua katika kimiminika cha kukuzia seli, ni lazima kuuliza imekwenda wapi. Berberini, kemikali nyingine ya mimea, kwa mfano, hubana mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, seli ikakosa nishati na kulazimika kuchoma glukosi haraka huku ikitoa laktati. Mpimaji asiyepima laktati ataona sukari imeshuka na kufurahi. Tena, katika sahani ya maabara seli huloweshwa kwa mangiferini moja kwa moja, ilhali mangiferini inayonywewa hufyonzwa kidogo sana na utumbo. Kwa hiyo matokeo hayo yanatoa sababu ya kuendelea kuchunguza, wala hayasemi lolote kuhusu kikombe.

Kijana wa Isevya: Nashukuru. Anatumia pia metformini na glibenklamidi.

Mfamasia: Ungeanza na hilo, ndugu yangu! Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, kwa hiyo hatari ya sukari kushuka mno ipo tayari kabla hata ya majani. Awaeleze kliniki waziwazi kuhusu kikombe hicho, wala asipunguze vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe. Akitokwa jasho, akitetemeka au akianza kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari papo hapo, kisha apimwe.