Weusi wa Redon unatoka wapi?

Mchongaji, Mbale
Habari zenu. Nachonga lino, lile bamba laini la kuchapia picha, nauza kadi mjini. Kwenye simu nimekutana na picha ya Odilon Redon, Mfaransa, ya mwaka 1882: jicho moja kubwa limekuwa puto, linapaa juu ya maji, na mahali pa kikapu kuna kichwa kwenye sahani. Nyeusi na nyeupe tu. Tangu hapo kadi zangu za ndege korongo zinanichosha. Nikachonga ndoto yangu, mama mwenye taa badala ya kichwa anavuka mto Manafwa, ikatoka kama bango la uchaguzi. Weusi ule anaupataje? Na jicho lina maana gani?

Fundi wa Nasser Road
Hiyo haikuchongwa, ndugu. Ni litografia: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, unapitisha rola ya wino. Penye maji wino haushiki, penye mafuta unashika. Ndiyo ofseti yetu, uchapaji wa mashine hapa Kampala, ila jiwe limekuwa bati la alumini. Jiwe lina chembechembe. Kalamu ikigusa kidogo unapata kijivu, ukikandamiza unapata giza. Lino ama umeikata ama hujaikata, ndiyo maana ya bango lako. Redon alikuwa mtu wa kuchora kwa makaa, kisha mchoraji Fantin-Latour akamwonyesha kuchora kwenye karatasi maalumu na kuhamishia kwenye jiwe. Albamu yake ya kwanza, 1879, ilitoka nakala 25. Mteja wa nakala 25 mimi namwelekeza kwenye fotokopi!

Mwalimu wa sanaa, Gulu
Albamu yenye jicho hilo aliiandika jina la mwandishi wa Marekani Edgar Poe, lakini usihangaike kutafuta hadithi yake. Maneno ya chini ya picha Redon aliyatunga mwenyewe. Wanafunzi wangu nawaambia watazame kope. Ziko moja moja, na kamba za puto zimefungwa panapostahili. Kule Bordeaux alikuwa na rafiki mtaalamu wa mimea, Armand Clavaud, aliyemfungulia dunia ya hadubini. Maajabu yake yana mwili. Hata buibui wake anayetabasamu unamwamini kabla hujahesabu miguu na kukuta 10. Sasa huyo mama wako, kichwa chake ni taa gani? Ya sola? Ina utambi?

Mchongaji, Mbale
Tadooba ya bibi, mwalimu, kile kibatari cha mafuta ya taa. Imebonyea upande, ina masizi mpaka kwenye mkono. Nilichora taa tu.

Fundi wa Nasser Road
Basi lino iweke kando kwanza. Paka kioo kizima wino mweusi kwa rola, toa mwanga kwa kitambaa na kijiti, laza karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko. Utapata nakala moja nzuri, ya pili hafifu. Itatoka imegeuka, kwa hiyo akivuka kwenda kulia mchore anaenda kushoto. Ukifika Kampala pita na kopo, nitakupimia wino.