Mjamzito, wingi wa virusi umepanda na dawa sijaacha, naombeni ushauri

MamaTandahimba:
Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Niko Tandahimba, nina mimba ya miezi sita, natumia dawa za VVU (ARV) toka 2020, hiki kidonge kimoja kwa siku, na kila nikipima wingi virusi havionekani. Juzi nimeitwa CTC, kliniki ya VVU, naambiwa safari hii ni kopi 1,840 za virusi kwa mililita ya damu, nikaishiwa nguvu pale pale. Dawa sijaacha jamani, simu ikilia saa tatu usiku nameza, na vile vyekundu vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki ya wajawazito namezea hapo hapo ili nisisahau. Chakula cha usiku ndo sili kabisa toka mimba ianze, nikisikia tu harufu ya samaki natapika. Dada mmoja kanisema mbele ya watu eti naruka dozi halafu nadanganya, iliniuma sana. Inakuwaje vinapanda na mtu anameza? Na mtoto atakuwa kashapata?

NesiKusini:
Pole sana mdogo wangu, na hakukuwa na haja ya kukusema mbele za watu. Soma tena ulichoandika mwenyewe: vidonge vya damu na ARV kwa pamoja, tumbo tupu. Kidonge chako, kama ni TLD, kile cha dawa tatu ndani ya kimoja, ndani yake kuna dolutegravir, na madini ya chuma yaliyomo kwenye fefo, hivyo vyekundu vya damu, yanaing'ang'ania hiyo dawa huko huko tumboni, kwahiyo sehemu kubwa haifiki kwenye damu hata kama umemeza kwa saa yake. Siwezi kuapa kwamba ndo sababu yenyewe maana sijakuona, lakini mimi ningeanzia hapo. Ukivimeza vyote viwili pamoja na chakula haina shida. Kama huli, basi ARV itangulie masaa mawili kabla ya fefo au ije masaa sita baada yake. Wewe ungemeza fefo saa saba mchana na ugali wako, saa tatu usiku ARV peke yake, imeisha hiyo. Kalsiamu nayo ni hivyo hivyo. Vidonge vya kiungulia ndo vibaya zaidi, vile vyenye magnesiamu au aluminiamu, hivyo hata kwa chakula usichanganye, utenganishe masaa. Na fefo usiache, damu unaihitaji siku ya kujifungua.

Rudi CTC kesho kutwa usisubiri tarehe ya kadi, waeleze hivi hivi ulivyoeleza hapa, watakupa ushauri wa ufuasi, yaani namna ya kumeza dawa vizuri, na watapanga kipimo cha marudio. Waambie wazi kwamba una mimba, kwa mjamzito kipimo hakitakiwi kulala.

Mkorosho:
Dada mi nakushauri ukijifungua usinyonyeshe, tafuta maziwa ya kopo mapema, korosho zikiuzwa mzee atoe hela. Virusi vikiwa juu ziwa ni hatari.

NesiKusini:
@Mkorosho nia yako nzuri kaka lakini hapana. Kopo linataka maji safi, kuni na hela kila wiki, na huku kwetu watoto wanaumwa kuhara. Anyonyeshe ziwa pekee miezi sita, aendelee na dawa, na mtoto apewe dawa ya maji ya kinga. Mama akifika kujifungua virusi viko juu, mtoto anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa na kinga yake inaongezwa, ndo maana wa labour, chumba cha kujifungulia, wanatakiwa kujua majibu yako. Bila dawa kabisa, kati ya watoto 100, wanaoambukizwa ni 15 hadi 45, mama akitumia dawa vizuri inashuka chini ya 5.

Na muda upo. Kuna utafiti ulifanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wanawake walioanza dawa mimba ikiwa imeshafika miezi ya mwisho, waliopewa dolutegravir 74 kati ya 100 walifika kujifungua wakiwa chini ya kopi 50, waliopewa efavirenz, dawa ya zamani, walikuwa 43. Hii dawa inashusha haraka ikipewa nafasi ya kuingia.

BintiMasasi:
Shoga usilie, mie yalinikuta mimba ya pili, tulihamia shamba msimu wa korosho dawa zikaisha nikaona aibu kurudi. Mama kinara wa kituo, mama mwenzetu anayetumia dawa na kusaidia wengine, akanifuata mpaka shamba. Mtoto kapimwa damu ya kisigino wiki ya sita, kapimwa tena na tena mpaka nilipoachisha ziwa, hana kitu, sa hivi yuko chekechea.

MamaTandahimba:
Mungu awabariki, walau leo nitalala. Hakuna aliyewahi kunambia habari ya vile vyekundu. Na septrin, ile ya kukinga magonjwa nyemelezi, naendelea?

NesiKusini:
Kama CTC walikuandikia endelea, ila mwambie nesi wa kliniki ya wajawazito unameza septrin kila siku ili asikupe SP ya malaria, hizo mbili haziendi pamoja. Lalia chandarua.