Duka la gemu lisilorudisha pesa si rafiki wa mteja, hata liwe na sura nzuri kiasi gani. Bisheni

Kisiki_cha_Mpingo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Siku hizi kila duka la gemu la mtandaoni linajisifu kuwa limeundwa kwa ajili ya mteja. Picha kubwa, trela zinajicheza zenyewe, kitufe cha kununua kimekaa pale pale kidole kinapofika. Sawa, vinapendeza. Ila nina hoja moja na nataka ibishiwe: urafiki wa duka unapimwa ukishalipa. Kabla hujalipa, kila muuzaji ni rafiki yako.

Mnavijua vile vibandiko vya Kariakoo, "mali ikishauzwa hairudishwi". Maduka ya gemu yaliishi hivyo hivyo kwa miaka. Steam, duka la gemu za kompyuta, ilifunguliwa 2003, lakini utaratibu tunaoujua leo ulikuja Juni 2015: ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na hujacheza kufikia saa mbili, unarudishiwa pesa yako bila kuulizwa sana. Miaka 12 ilipita hapo katikati. Na wakati utaratibu huo unatangazwa, tume ya Australia inayosimamia ushindani na haki za walaji ilikuwa imeshaiburuza mahakamani Valve, wenye Steam, tangu Agosti 2014. Valve ikajitetea kwamba haifanyi biashara Australia, na kwamba gemu si bidhaa kwa maana ya sheria ile. Mahakama ikaukataa utetezi huo, na Desemba 2016 ikaipiga faini ya dola milioni 3 za Australia. Kila mtu asome tarehe hizo anavyotaka.

Sasa tazameni maduka yanavyotofautiana. GOG wanakupa siku 30, hata kama umeshapakua gemu na kulicheza. PlayStation wanakupa siku 14, ila ukishaanza kupakua tu, haki imekwisha, labda gemu lenyewe liwe bovu. Yaani unaruhusiwa kujuta kabla hujajua unajutia nini.

Pendekezo langu: sheria itamke kwamba kila duka la gemu lirudishe pesa kwa mtu ambaye hajafikisha saa mbili za kucheza, na kitufe cha kurudisha kiwe ukurasa ule ule kilipo cha kununua. Kisifichwe chini ya "Msaada", halafu "Maswali ya mara kwa mara", halafu fomu ya kujieleza utadhani unaomba mkopo.

Karibuni.

Mzee_wa_Kikapu

Mkuu, ya kurudisha pesa naunga mkono. Ila usidharau hayo ya kabla ya kulipa. Epic walifungua duka lao Desemba 2018 bila kikapu. Ndiyo, duka la kampuni tajiri, lisilo na kikapu! Ukitaka gemu tano, unalipa mara tano. Mei 2019 wakafanya punguzo kubwa, watu wakawa wananunua moja baada ya jingine haraka haraka, na mfumo wao wa kukamata wezi wa kadi ukawafungia baadhi yao kwa kuwadhania matapeli. Kikapu kilikuja Desemba 2021.

Kwa hiyo ubovu wa muundo unaweza kukuumiza hata kabla pesa haijatoka mfukoni.

Fundi_Pikseli

Mimi natengeneza gemu, ndogo ndogo, peke yangu, hapa Nairobi. Mleta mada ameongea kama mnunuzi tu, acha niongee kama mtu anayesubiri hiyo pesa upande wa pili.

Saa mbili ni kipimo kilichokatwa kwa gemu kubwa. Gemu la saa 60 ukilicheza saa mbili hujafika popote, umemaliza mafunzo ya mwanzo na kuchagua nywele za mhusika. Gemu langu linaisha kwa dakika 80. Kwa sheria yako, mtu analicheza lote, anaona mwisho, anaandika maoni kwamba limemgusa sana, kisha anachukua pesa yake na kuondoka. Halali kabisa.

Na si jambo la kufikirika. Agosti 2021, mtengenezaji wa Emika Games, aliyetoa gemu la kutisha liitwalo Summer of '58, alitangaza kwamba anaacha kutengeneza gemu kwa muda usiojulikana. Maoni ya wachezaji yalikuwa mazuri. Tatizo gemu lake halifiki saa mbili, na watu wengi walikuwa wakilimaliza na kudai pesa zao.

Tupige hesabu ya gemu la dola 5. Duka likichukua asilimia 30, kama ilivyo kawaida Steam, zinabaki dola 3.50. Hapo bado kodi, bado gharama za benki kuileta hiyo pesa huku. Na kabla ya yote umeshalipa dola 100 za kuingiza gemu dukani, ambazo hurudishwi mpaka mauzo yafike dola 1,000. Kati ya wanunuzi kumi, wawili wakirudisha, kampuni kubwa haisikii chochote. Mimi nasikia.

Unajua watu wa aina yangu hufanya nini wakibanwa? Wanalivuta gemu. Wanaweka korido ndefu, wanamfanya mchezaji arudi alikotoka kutafuta ufunguo, ili saa itembee ipite mbili. Kipimo cha duka kinaingia hadi ndani ya gemu na kulinyonga. Mimi mwenyewe nimeshauriwa hivyo na mtu anayenitakia mema kabisa.

Mnataka duka rafiki? Lionjeshe. Kila ukurasa wa gemu uwe na kipande cha kuonja, bure, kabla ya kulipa. Anayeonja akaamua kununua, amenunua akijua.

MamaWaPacha

Jamani mnabishana juu ya saa mbili kama vile watu wanaibiwa kwenye gemu za kununua. Kwenye nyumba zenye watoto pesa inapotelea ndani ya gemu za bure.

Hakuna mfano mzuri kuliko Fortnite, gemu la bure la hao hao Epic. Desemba 2022, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic wamekubali kulipa dola milioni 245 za kurudishiwa wateja, mbali na dola milioni 275 za kuvunja sheria ya faragha ya watoto. Someni malalamiko yalikuwa nini: mtu anatozwa kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Anaamsha gemu lililokuwa limelala, anatozwa. Gemu linapakia, kidole kinagusa, anatozwa. Anataka tu kuitazama skini, yaani vazi la mhusika, imekaaje, anabonyeza kitufe jirani kwenye pedi ya kuchezea, imenunuliwa. Na vitufe havikuwa na mpangilio mmoja, hapa hiki kinaangalia, pale hicho hicho kinanunua. Wazazi wakapinga makato kwenye kadi zao, akaunti zikafungwa pamoja na kila kitu walichowahi kulipia humo.

Hiyo ndiyo "rahisi kutumia" mnayoisifia. Mtoto wa miaka minane hahitaji kurahisishiwa kutumia pesa za babake.

Kisiki, sheria yako ya saa mbili inamgusa vipi mtoto aliyenunua skini kwa sekunde moja?

Nyali_Kaskazini

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mnaongelea kurudishiwa, sisi wengine kulipa kwenyewe ni safari.

Steam inaonyesha bei kwa randi ya Afrika Kusini, lakini sisi wa shilingi tunapewa dola. Kadi pepe ya M-Pesa na Visa, iliyoanza hapa Kenya 2022, imesaidia sana, huo ni ukweli. Lakini ngoja nikwambie yaliyonipata kwenye duka moja nisilolitaja. Nilinunua gemu, likagoma kufunguka kwenye kompyuta yangu, nikaomba pesa. Wakanijibu vizuri, haraka, na nembo ya tabasamu. Pesa ikarudi kama salio la hapo hapo dukani. Kuuliza, naambiwa kadi niliyolipia haipokei marejesho. Sasa nina salio la dola ambalo haliwezi kuninunulia hata mahamri.

Kwa hiyo, Kisiki, ongeza kwenye sheria yako: pesa irudi ilikotoka. Na kama duka haliwezi kuirudisha ilikotoka, liseme kabla sijalipa, kwa maandishi ninayoweza kuyasoma bila miwani.

Kisiki_cha_Mpingo

Nyali, hilo nimelichukua lote, liingie.

MamaWaPacha, kweli saa mbili hazimgusi mtoto wako. Kwa vitu vya ndani ya gemu nadhani kipimo kiwe matumizi: skini ambayo haijavaliwa kwenye mchezo irudi bila maswali. Lakini hilo la kitufe kimoja, kwa Kenya lina msingi tayari. Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya 2012 ina sehemu ya mikataba ya intaneti, na inamtaka muuzaji ampe mteja nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa, au kusahihisha makosa kabla mkataba haujafungwa. Kitufe kimoja kinachonunua papo hapo hakimpi mtu nafasi hiyo. Sijaona mtu akiipeleka hoja hii kwa duka la gemu, na ningependa sana kuiona.

Fundi, kwako ndipo penye kazi. Kuonja nakubali, lakini kuonja hakuzuii ubovu. Kipande cha kuonja ndicho kinachosuguliwa kuliko vyote. Desemba 2020 Sony, wenye PlayStation, waliiondoa Cyberpunk 2077 kwenye duka lao kwa sababu ya hali yake kwenye mashine za zamani, na wakarudisha pesa kwa waliotaka. Lile gemu lilikuwa limeonyeshwa kwa video nzuri kwa miaka. Mteja aligundua hali halisi baada ya kulipa. Tukiacha kuonja peke yake, tumemwachia muuzaji achague tuonje wapi.

Napendekeza hivi: muda wa kurudisha uende na urefu wa gemu. Robo ya gemu, na isizidi saa mbili. Gemu lako la dakika 80, mtu ana dakika 20.

Fundi_Pikseli

Dakika 20 naweza kuishi nazo. Lakini nani anapima urefu? Ukiniachia mimi niandike, nitaandika dakika 80. Jirani yangu ataandika dakika 30 ili muda wa kurudishiwa uwe mfupi. Mwingine ataandika saa 40 kwa sababu urefu unauza. Mkiliachia duka lipime kwa wachezaji halisi, gemu jipya halina takwimu, na wiki ya kwanza ndiyo wiki ya mauzo.

Mzee_wa_Kikapu

Duka lina saa ya kila mchezaji hadi dakika. Linajua nani amefika mwisho, kwa sababu hata zile tuzo za ndani ya gemu zinarekodiwa. Sheria iseme tu: aliyefika mwisho harudishiwi, isipokuwa gemu ni bovu. Kwa wengine wote zibaki saa mbili. Hakuna haja ya kupima robo.

Na duka likitaka kuziba mwanya linaweza. Watu walikuwa wanalipa zaidi ili waingie mapema kabla ya siku rasmi, wanacheza saa chungu nzima, kisha wanarudisha kwa sababu saa za mapema hazikuhesabiwa. Aprili 2024 Steam wakaanza kuzihesabu, mchezo ukaisha.

Fundi_Pikseli

"Aliyefika mwisho harudishiwi." Hiyo naikubali leo hii, nitie saini wapi? Ila jua kuna atakayeacha dakika mbili kabla ya mwisho na kwenda kuutazama YouTube.

Mzee_wa_Kikapu

Huyo alikuwa hakununulii hata hivyo.

MamaWaPacha

Na kitufe je? Nimeuliza nikajibiwa juu ya skini iliyovaliwa na isiyovaliwa. Mtoto akinunua, anavaa hapo hapo. Ndiyo raha yake yote.

Kisiki_cha_Mpingo

Basi dada, tuliweke kwenye kitufe chenyewe. Kununua ndani ya gemu kuwe ni kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, siyo kugusa. Bei ionekane kwa pesa halisi, isiwe kwa V-Bucks au sarafu nyingine za kubuni, kwa sababu hata mtu mzima hajui sarafu 1,350 ni shilingi ngapi. Na ikiwa ni akaunti ya mtoto, namba ya siri ya mzazi kwa kila ununuzi. Isiwe ya kuwekwa mara moja ikakumbukwa milele.

Mzee_wa_Kikapu

Kila ununuzi? Wenye maduka watakataa mchana kweupe. Mauzo yao yako kwenye kule kusahau.

MamaWaPacha

Wakatae kwa maandishi, tuwasome.