Uwakilishi katika filamu ya Vuta N'kuvute: je, kuhesabu wahusika kunatosha?

Mtazamaji wa Ilala
Habari zenu ndugu. Chama chetu cha wapenzi wa filamu kimenitaka niandike tathmini ya uwakilishi wa jamii katika Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Nilianza kwa jedwali: Yasmin ni Mhindi wa Unguja, Denge ni kijana mpigania uhuru, Mwajuma ni mwimbaji, wakubwa wa serikali ni Waingereza. Jedwali limejaa, lakini halinielezi kama watu hao wametendewa haki. Ninyi hupima kwa kigezo gani?

Bi Darajani
Jedwali usilitupe, ila lisikuamulie. Katika Unguja ya miaka ya 1950 Mhindi, Mwarabu, Mngazija na mtu wa bara walipishana katika vichochoro hivyo hivyo, kwa hiyo kuwaonyesha wote ni kusema kweli kuhusu mahali, si fadhila ya mwongozaji. Mimi hutazama nani ana uamuzi. Yasmin ameozwa mume anayemzidi umri kwa mbali, naye akakimbia. Je, baada ya hapo kamera inafuata anachokitaka yeye, au anakuwa pambo la harakati za Denge? Pima pia safari yake kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo, kwa sababu mkono wa bahari uliotenganisha sehemu hizo mbili ulitenganisha pia rangi na kipato, na msichana wa Kihindi aliyeuvuka alikuwa amepoteza ukoo wake.

Fundi Sauti
Nakubaliana na Bi Darajani, ila nitaongeza sikio. Watu hupenda kutumia kipimo kilichotokana na katuni ya Alison Bechdel ya mwaka 1985, kinachodai wanawake wawili wazungumze wao kwa wao juu ya jambo lisilokuwa mwanamume. Kijaribu kwa Yasmin na Mwajuma, lakini ujue kuwa kipimo hicho hakisikii lafudhi. Katika vichekesho vyetu Mhindi hupewa Kiswahili kibovu ili watu wacheke. Niliwahi kurekodi sauti katika filamu moja ambamo mwigizaji wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Unguja mwenye Kiswahili kilichotushinda sote pale, aliambiwa akiharibu makusudi. Katika jedwali lako huyo angehesabiwa kuwa amewakilishwa! Kwa hiyo sikiliza nani anasema Kiunguja bila kuchekwa. Zingatia pia kwamba Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa Zanzibar hasa.

Mtazamaji wa Ilala
Ahsanteni sana. Bi Darajani, je, ni haki kuilaumu filamu ikiwa Mwajuma ana nafasi finyu kuliko katika riwaya?

Bi Darajani
Kwa ufinyu peke yake, hapana, kwani saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima. Lakini ukiona kila kilichopunguzwa kimetoka kwa wanawake wa Ng'ambo, basi hiyo si bahati mbaya ya muda, na ndiyo sehemu ya tathmini yako ambayo ningeisoma kwanza.