Nimhamishie binti yangu wa darasa la nne kwa shangazi yake Mwanza mjini?

Baba_Wawili: Wakuu, habari za jioni. Naishi mji mdogo wa mwaloni, mitumbwi ya samaki inapotia nanga, huku Buchosa. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya serikali. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamefurika, sasa wanaingia kwa zamu: wa asubuhi wakitoka, wa mchana ndio wanaingia. Matokeo ya darasa la saba kila mwaka C na D tu. Dada yangu anakaa Buhongwa, anasema nimlete. Mama yake hataki hata kusikia. Nishaurini, matusi wekeni akiba.

Chaki_Nyeupe: Mkuu, mimi ni mwalimu, nimefundisha visiwa vya huku ziwani na sasa niko Ilemela, Mwanza mjini. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mjini usikitarajie, zamu zipo huku pia.

Halafu hayo matokeo yasome vizuri. NECTA, baraza la mitihani, wanakuonyesha waliofanya mtihani na wastani wao. Nenda kwa mwalimu mkuu, ulizia kundi hilohilo lilianza darasa la kwanza wakiwa wangapi. Waliopotea njiani hawamo kwenye wastani. Nimeona shule ya "B" iliyobakiwa na nusu ya watoto wake. Omba pia rejista ya mahudhurio, linganisha wiki za giza na za mbalamwezi.

Dagaa_Mbichi: Hapo kwenye giza umenena mwalimu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza; mitumbwi ikirudi alfajiri, watoto wako mchangani wanaanika dagaa. Ukimuuliza mzazi, "anatafuta hela ya daftari". Matokeo yakitoka, mwalimu ndiye mvivu.

Mama_J: Mnaongelea rejista, mimi nauliza huko Buhongwa. Dada yako ana watoto wangapi ndani? Nani anapika, nani anachota maji? Nimelelewa kwa shangazi, wa kwangu alikuwa mtu mwema, lakini vyombo vilikuwa vyangu. Mtoto wa miaka kumi anageuka dada wa kazi na hakuna anayeona ubaya.

Kijana_wa_Kamanga: Peleka english medium bweni, maliza mchezo.

Mama_J: @Kijana_wa_Kamanga ada utalipa wewe?

Baba_Wawili: Mwalimu, shikamoo. Mwaloni haendi, nimekataza. Jana nimempa gazeti akasoma bila kukwama. Tatizo hesabu, kugawanya kunamshinda kabisa. Mwalimu wao wa hesabu ni mmoja kwa mikondo yote, na mkutano wa wazazi uliopita tulikuja watu wachache mno, wengi walikuwa ziwani.

Chaki_Nyeupe: Marahaba. Anayesoma gazeti darasa la nne huyo mmeshamvusha mlima. Kwa kugawanya mtafutie mtu wa kumfundisha jioni, hata kijana aliyemaliza kidato cha nne anatosha, mwanzie jedwali la kuzidisha. Mwaka huu ana upimaji wa kitaifa, asipofikia ufaulu anarudia darasa. Ukiamua kumhamisha, usimbebe kimyakimya: uhamisho upitie kwa walimu wakuu wote wawili na namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi kwenye mfumo wa NECTA, ihamie shule mpya, la sivyo jina litabaki Buchosa na mtoto yuko Buhongwa. Mimi ningesubiri afanye upimaji hapo hapo.

Baba_Wawili: Nimekuelewa. Kijana wa kidato cha nne yupo, jirani yangu, ila usiku wa giza naye huenda ziwani. Naongea naye Jumapili. Mama yake nimemsomea jibu la Mama_J, amecheka mpaka nimeona aibu.