Ford F-150 ya 1989: nirekebishe ekseli ya mbele au niibadilishe?

PikapuNgumu
Wakuu, naomba maoni. F-150 ya 1989, 4x4, bado ina ekseli ya mbele ya kiwandani, Dana 44 TTB, ile ya mikono miwili inayopishana. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliiinua inchi 4 kwa springi ndefu tu. Tairi zimelalia nje kwa juu na ukingo wa nje unalika. Nataka kuweka tairi za inchi 35. Naiendesha kila siku, mara nyingine naingia nayo kwenye makorongo ya mawe. Niikate mikono na kuichomelea upya, au nitafute ekseli ya kipande kimoja?

Spana19
Mabano ya kushusha egemeo la mikono yamefungwa? Kama hayapo, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Gari likiinuka bila mabano, mikono inaning'inia na tairi zinapinda nazo. Yafunge, kisha urekebishe kilichobaki kwa bushi za kemba (za kunyoosha mlalo wa tairi). Usikate chochote kabla ya hapo.

MotoNaBamba
Mabano yanafaa barabarani, ila kwenye mawe ndiyo yatakayogonga kwanza. Mikono iliyokatwa na kukunjwa inabaki juu. Kazi hiyo lakini si ya kila fundi: mkono ufungwe kwenye fremu ya kushikilia, uchomelewe kidogo kidogo kwa kupishana pande, la sivyo joto litaupinda. Na msiidharau TTB. Kwenye mwendo wa kasi penye matuta madogo madogo, kila tairi inacheza peke yake, ndiyo maana wapenda mbio za jangwani bado wanaing'ang'ania.

GiaYaChini
Yeye hakimbii jangwani, anapanda mawe. Mimi ningebadilisha. Dana 44 ya F-150 ya 1978 au 1979 ni ya kipande kimoja, difu iko kushoto kama yako, inakaa kwenye springi za koili, na habu zina nati 5, kwa hiyo rimu zako hazibadiliki.

Kazi yenyewe iko kwenye usukani. TTB haina fito ya kuzuia ekseli isisogee kulia na kushoto. Hii ya koili inaihitaji. Lazima uchomelee bano lake kwenye chesisi, na fito hiyo ilale sambamba na ile inayotoka kwenye boksi la usukani, urefu ukaribiane. Zikipishana pembe, kila shimo litakunyang'anya usukani. Naona watu wanaharakisha hapa, na ni hatari kweli kwa gari la barabarani.

Spana19
Vipi Dana 60 ya F-350?

GiaYaChini
Nzito, ina nati 8, na kiwandani ilikaa kwenye springi za bamba. Kwa inchi 35 haihitajiki.

PikapuNgumu
Nimechungulia chini: mabano hayapo. Nitayafunga kwanza ili tairi zisiendelee kuisha, huku natafuta ya 1979. Uwiano wa gia wa difu ya nyuma ni 3.55. Ya mbele nitaijuaje?

GiaYaChini
Fungua kifuniko uhesabu meno. Krauni (gia kubwa) yenye meno 46 kwa pinioni (gia ndogo) yenye 13 ni 3.54, hiyo inaendana na 3.55 yako. Ukikuta 45 kwa 11 ni 4.09, na hiyo usiifunge bila kubadilisha gia: mbele na nyuma zitavutana na kuua transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.